Boriti za Fuvu: Kichwa cha Nyoka Ndani ya Yai

Mwaka 1790 mshairi wa Kijerumani Johann Wolfgang von Goethe alikuwa Venice, na siku moja akaenda kutembea Lido, kisiwa chembamba cha mchanga kinachoukinga mji huo na bahari. Palikuwa na makaburi ya Mayahudi hapo. Mtumishi wake akaokota fuvu la kondoo lililopasuka, akampa bwana wake kwa mzaha. Goethe akaligeuza mkononi, na katika nyufa zake akaona jambo ambalo hakuliacha tena: kwamba fuvu si kiungo cha peke yake, bali ni pingili za uti wa mgongo zilizotanuka na kushikana ili kuufunika ubongo.

Wapenzi wa ushairi wanaomjua Goethe kwa tungo zake huenda wakashangaa kumkuta makaburini akichunguza mifupa. Hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1784, alikuwa ameuonyesha katika uso wa binadamu ule mfupa mdogo wa mbele wa taya la juu, ambao kwa wanyama wengine huonekana wazi, na ambao wanazuoni wengi wa zama zake walishikilia kuwa binadamu hana. Mfupa huo msomaji auweke akibani, kwani atakutana nao tena katika kinywa cha nyoka.

Wazo la pingili lina mvuto ambao mtunzi hahitaji kuelezwa. Kitu kimoja kinarudi na kurudi, kila mara kwa sura mpya, kama ubeti unavyofuata ubeti: mizani ni ileile, maneno ni mengine. Wala si Goethe peke yake aliyevutwa. Lorenz Oken alisimulia kuwa mwaka 1806 alikuta fuvu la ayala katika milima ya Harz, na wazo hilohilo likamjia kwa ghafula; mwaka 1807 akalitangaza katika hotuba yake ya kuanza uprofesa katika chuo cha Jena. Goethe alikuwa waziri mwenye mkono katika mambo ya chuo hicho, na la kwake alikuwa hajalichapisha. Alilichapisha mwaka 1820, na ugomvi wa nani alitangulia ukaendelea hata baada ya wote wawili kufariki. Kule London, Richard Owen akaijengea nadharia hiyo kitabu kizima mwaka 1848. Katika ugomvi wa nani aliona kwanza, wachache waliuliza kama kilichoonwa kilikuwepo.

Fuvu la mnyama mzima haliwezi kulijibu swali hilo. Ni nyumba iliyokwisha kupakwa chokaa. Mwenye kuitazama haoni mawe wala boriti. Anayetaka kujua ilivyojengwa hana budi kuwapo wakati wa ujenzi, na ujenzi wenyewe hufanyika ndani ya yai au ndani ya tumbo la mama, kwa siku chache, katika kitu kidogo kuliko punje ya kunde.

Waliofika huko kabla ya wengine walikuwa na kituo chao Königsberg, bandari ya Prussia ya Mashariki ambayo leo ni Kaliningrad ya Urusi. Karl Ernst von Baer alifundisha hapo, na mwaka 1828 alitoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa juu ya ukuaji wa wanyama. Ndani yake kuna kisa kilichopata umaarufu: alikuwa na viinitete viwili ndani ya pombe ya kuhifadhia ambavyo alisahau kuviandikia majina, na baadaye hakuweza tena kusema kama ni vya mijusi, ndege wadogo au wanyama wanyonyeshao, kwa jinsi vichwa na viwiliwili vyao vilivyofanana. Charles Darwin alikisimulia kisa hicho mwaka 1859, lakini akakitia jina la mtu mwingine, Louis Agassiz. Ilibidi kosa lisahihishwe katika toleo la baadaye. Kusahau majina, basi, hakukuwa ugonjwa wa von Baer peke yake.

Aliyeshika nafasi ya von Baer mwaka 1835 alikuwa Martin Heinrich Rathke, mzaliwa wa Danzig, mtu wa kimya aliyekwisha kuonyesha mwaka 1825 kwamba kiinitete cha nguruwe kina mianya shingoni kama ya matamvua ya samaki. Huyu ndiye aliyemchagua nyoka. Nyoka mwenyewe ni yule wa majani wa Ulaya, asiye na sumu, apendaye kukaa karibu na maji na kutaga katika marundo ya samadi na majani yanayooza, ambako joto la uozo humfanyia kazi ya kuatamia. Mayai yake yana ganda laini kama ngozi na hayakuwa haba kupatikana. Mwaka 1839 Rathke alitoa kitabu juu ya ukuaji wa nyoka huyo tangu mwanzo hadi kuanguliwa. Ndipo jambo lenye uzito katika historia hii likadhihirika.

Chini ya ubongo wa kiinitete, Rathke aliona vijiti viwili vya gegedu vikienda sambamba kuelekea puani. Vilianzia pale unapokoma ule ugwe laini unaotangulia uti wa mgongo, wala havikuwa na umbo la pingili hata kidogo. Kati yao palikuwa na uwazi, na katika uwazi huo kifuko kidogo kilipanda kutoka kwenye paa la kinywa kwenda kukutana na ubongo na kuwa sehemu ya tezi iliyo chini yake. Kifuko hicho bado kinaitwa kwa jina la Rathke katika hospitali za dunia nzima. Vile vijiti aliviita Balken, neno la Kijerumani lenye maana ya boriti.

Msomaji wa pwani hana haja ya maelezo marefu. Boriti anazijua: miti ya mikoko iliyolazwa ukuta hadi ukuta, iliyobeba dari na kila kilicho juu ya dari. Wanazuoni wa Ulaya walilihamisha neno la Rathke katika Kilatini, likawa boriti ndogo, kisha lugha nyingine zikalipokea kwa sura hiyo ya Kilatini na kusahau kwamba lilikuwa neno la fundi wa nyumba. Kiswahili kina bahati katika jambo hili, maana kinaweza kulirejesha neno mahali lilipotoka bila ya kulitengeneza upya. Tena linafaa zaidi kwa nyoka kuliko kwa mnyama mwingine. Kwa mjusi na ndege boriti hizi huungana mapema kuwa ukuta mmoja mwembamba kati ya macho. Kwa nyoka hukaa mbalimbali, sambamba, karibu urefu wote mpaka zinapofikia pua. Laiti Rathke angemchagua mjusi, huenda asingeziona kwa uwazi huo.

Ilichukua karibu miaka 20 kabla ya boriti hizo kuiangusha dari ya Goethe. Mwaka 1858 Thomas Henry Huxley alisimama mbele ya Royal Society ya London, akatoa mhadhara juu ya nadharia ya fuvu, na hoja yake ilikuwa nyepesi: asiyeangalia ukuaji hana haki ya kuamua. Fuvu na uti wa mgongo huanza katika uwanja mmoja, kisha kila kimoja hushika njia yake. Kusema kwamba fuvu ni pingili zilizogeuka ni sawa na kusema kwamba pingili ni fuvu lililogeuka. Sehemu ya mbele ya fuvu hujengwa juu ya boriti za Rathke, mahali ambapo pingili haijawahi kuwapo. Owen, ambaye hakuwa na urafiki na Huxley, hakuisahau siku hiyo.

Haifai hata hivyo kusema kwamba mshairi alikosea yote. Sehemu ya kisogo, pale fuvu linapokutana na shingo, kweli hutokana na vipande vilevile vinavyopangana kando ya mgongo na kuzaa pingili. Goethe alishika kweli moja akaitandaza kichwa kizima. Na boriti zenyewe zilikuwa na siri nyingine. Mwaka 1893 Julia Platt, Mmarekani, aliandika kwamba gegedu za uso wa mnyama mmoja wa majini wa jamii ya salamanda hutokana na tabaka la nje la kiinitete, lile linalozaa ngozi na neva, wala si tabaka la kati linalozaa mifupa ya mwili. Walimkataa karibu wote. Hakupata kazi ya chuo kikuu. Alihamia mji wa Pacific Grove huko California, akajitia katika mambo ya mji, na mwaka 1931 akachaguliwa kuwa meya. Katika karne ya 20 ilithibitika kwamba alisema kweli, na boriti za fuvu kwa sehemu kubwa ni mazao ya chembe zinazohama kutoka ukingoni mwa mfereji wa neva.

Katika muda huo huo wa Rathke, Karl Reichert alikuwa amelifuata taya. Mwaka 1837, akitumia viinitete vya nguruwe, alionyesha kwamba vifupa viwili vya sikio la mnyama anyonyeshaye, ambavyo wataalamu huviita nyundo na fuawe, huanza kukua mahali palepale ambapo kwa mtambaazi huota mifupa miwili ya kiungo cha taya. Yaani kile ambacho nyoka hufungulia kinywa, binadamu hukisikilizia. Nyoka hana tundu la sikio wala kiwambo. Kijiti chake kimoja cha kusikilizia kimegusana na mfupa wa taya, na mtetemo wa ardhi hupitia humo. Ni vigumu kwa mtu wa ushairi kulipita jambo hili bila ya kusimama kidogo, maana mizani na vina vyote alivyowahi kuvisikia vilimfikia kupitia kiungo cha taya la kale.

Baada ya mabingwa hao wa vyuo akaja mtu wa namna nyingine. William Kitchen Parker alizaliwa mwaka 1823 Dogsthorpe, karibu na Peterborough, mtoto wa mkulima. Masomo yake ya utotoni yalikatwakatwa na kazi za shamba. Aliwekwa kwa muuza dawa kujifunza kazi, akajifundisha mimea, akapasua wanyama waliokufa, akachora mifupa ya ndege. Kisha akaenda London, akahitimu utabibu, akafungua kazi Pimlico. Mchana aliwatibu wagonjwa, na saa zilizobaki akakaa na hadubini, ijapokuwa afya yake mwenyewe ilikuwa mbovu. Huxley aliuona uwezo wake akamsukuma kwenye mafuvu. Mwaka 1865 akaingizwa Royal Society. Mwaka 1873 akapewa uprofesa wa anatomia katika chuo cha wapasuaji cha London.

Kazi aliyoifanya ni ya kumchosha hata msomaji wa orodha yake. Kuku, chura, samoni, nguruwe, kila mmoja alipewa tasnifu yake yenye michoro aliyoichora mwenyewe, hatua kwa hatua, tangu gegedu ya kwanza hadi fuvu lililokamilika. Mwaka 1878 ikafika zamu ya nyoka wa majani, yuleyule wa Rathke. Mijusi walifuata, kisha mamba. Na kasa wa kijani, ambaye wavuvi wa pwani wanamjua bila ya kitabu, alimwandika kutokana na viinitete vilivyoletwa na meli ya utafiti iliyoitwa Challenger.

Maandishi ya Parker hayasomeki kwa raha. Sentensi zake hutangatanga, mifano hupandana, na mara nyingi hitimisho halionekani. Michoro yake ndiyo inayosema. Humo kinaonekana kile ambacho maneno yake yanakizungukia: jinsi kichwa cha nyoka kinavyojiandaa kumeza kabla hakijapata cha kumeza. Mfupa unaolishika taya la chini huanza ukiwa mfupi, ncha yake ya chini ikielekea mbele. Kadiri taya linavyorefuka, mfupa huo husukumwa, husimama wima, kisha hulalia nyuma, na kinywa hupata upana wake. Nusu mbili za taya la chini haziungani kamwe kidevuni. Hubaki zimefungwa kwa ukano tu. Na juu, mifupa ya paji na utosi hushuka pande zote mbili ikaukumbatia ubongo hadi chini, ukawa ndani ya kasha lililofungwa, lisidhurike na windo linalopita likiwa zima na lenye kujitetea.

Parker alifariki mwaka 1890 akiwa Cardiff, alikokwenda kumtembelea mwanawe aliyekuwa profesa wa biolojia huko. Mwana mwingine alikuwa profesa New Zealand.

Meno yana historia yake. Charles Tomes, tabibu wa meno wa London, aliandika mwaka 1875 juu ya meno ya nyoka, na mwaka uliofuata juu ya chonge za sumu. Alikuta kwamba ndani ya ufizi wa nyoka meno ya akiba yamelala kwa safu, makubwa kwa madogo, kila moja likingoja la mbele yake ling'oke. Hakuna jino la kudumu kwa nyoka. Bafe akipoteza chonge, nyingine iko tayari na nyuma yake zipo nyingine. Chonge yenyewe humea kama jani lililojikunja mpaka kingo zake mbili zikakutana, na mfereji wa sumu ni ule uwazi uliobaki katikati.

Swali lililobaki ni la mahali. Fira na bafe wana chonge zao mbele ya kinywa. Nyoka wengine wenye sumu wanazo nyuma. Chatu hana kabisa. Je, chonge za mbele na za nyuma ni kitu kimoja au viwili? Kwa zaidi ya karne hoja zilijengwa juu ya mafuvu ya nyoka wazima, kosa lilelile la Lido.

Na hata walioangalia viinitete hawakuwa waaminifu wote. Mwaka 1868 Ernst Haeckel wa Jena alichapa kitabu chenye picha tatu za viinitete vya mbwa, kuku na kobe, zilizofanana kabisa. Ludwig Rütimeyer wa Basel aliona sababu: ilikuwa picha moja, kibao kimoja cha mti kilichopigwa chapa mara tatu chini ya majina matatu. Haeckel aliibadilisha katika toleo lililofuata, lakini michoro yake ya baadaye, iliyofananisha kupita kiasi, iliendelea kunakiliwa katika vitabu vya shule kwa zaidi ya miaka 100. Tofauti na chupa za von Baer ni kubwa. Yule alikiri kwamba hajui ni kobe au kuku; huyu alimfanya kobe kuwa kuku. Mwaka 1997 Michael Richardson na wenzake walikusanya viinitete vya wanyama wengi, wakavipiga picha, wakavilinganisha na michoro ya Haeckel, na tofauti zikaonekana kwa macho.

Richardson huyohuyo alihamia Leiden, Uholanzi, na hapo, pamoja na Freek Vonk na wenzao, akalirudia swali la chonge. Utafiti wao ulitoka mwaka 2008, juu ya viinitete 96 vya nyoka wa spishi nane. Walifuata mahali inapofanya kazi jeni moja inayotangulia kuota kwa meno, ambayo kwa mzaha wa wanasayansi ilipewa jina la kalunguyeye wa mchezo wa video. Jibu lilikuwa wazi kuliko ilivyotarajiwa. Chonge ya mbele haianzii mbele. Katika kiinitete cha fira huanza nyuma ya taya la juu, mahali palepale zinapoanzia chonge za nyuma. Kisha taya hukua kwa namna ambayo huichukua chonge na kuifikisha mbele, ilhali sehemu ya mbele ya taya, ambayo kwa nyoka wengine ingeota meno, hukaa kimya. Ni safari ya siku chache ndani ya yai.

Ingekuwa dhuluma kuiacha Afrika nje ya habari hizi. Mwaka 1929 Gertrude Brock alichapisha uchunguzi mrefu juu ya ukuaji wa fuvu la nyoka mmoja wa Afrika mwenye chonge za nyuma, ambaye anapatikana pia Afrika Mashariki. Mwaka 1937 Gavin de Beer alipokusanya katika kitabu kimoja yote yaliyojulikana juu ya ukuaji wa fuvu, kazi za namna hiyo zilikuwa matofali yake. Miaka ya 1960, Kairo, A. M. Kamal na H. G. Hammouda walikata viinitete vya nyoka wa Misri katika vipande vyembamba, wakajenga upya fuvu la gegedu la kila hatua. Mmoja wao alikuwa nyoka wa mchanga mwenye mistari, ambaye ndugu zake wa karibu hukatiza njia za mashamba huku pwani mchana wa jua. Mwaka 1981 Kamal na Angus Bellairs wa London walitoa muhtasari wa fuvu la watambaazi ambao wachunguzi wa baadaye waliutegemea.

Umebaki ule mfupa wa mbele ya taya alioutetea Goethe mwaka 1784. Johannes Müller wa Berlin aliandika mwaka 1841 kwamba nyoka na mijusi walio karibu kuanguliwa huwa na jino la ajabu juu ya mfupa huo, limechongoka na kujitokeza mbele. Ndilo jino la yai. Ndege, kobe na mamba wana kipande kigumu cha ngozi kwa kazi hiyo. Nyoka na mijusi watagao wana jino la kweli. Kinda la nyoka hulitumia kuchana ganda, na baada ya muda mfupi jino hudondoka. Kwa nyoka wengi, isipokuwa chatu na jamaa zake wachache, hilo ndilo jino pekee ambalo mfupa huo utawahi kulibeba. Mjusi wa ukutani, yule aliaye nyuma ya picha na saa za ukutani usiku, hupewa mawili.